Tusiseme Kurani ni Biblia ya Waislamu

Liko neno moja ambalo sisi Wakristo twapenda kulisema, nalo si kweli. Twasema, "Kurani ni Biblia ya Waislamu." Sisi walimu twawafundisha watoto hivyo kwa kuwa ni maneno mepesi, na watoto wakiwa watu wazima hubishana nayo barazani na jirani zao, wala hawasikilizani. Mimi nasema, neno hili tuliache. Kumsingizia jirani imani asiyo nayo ni kumshuhudia uwongo, na amri ya Mungu yakataza.

Tuanze na majina. Biblia, kwa asili yake ya Kiyunani, maana yake ni vitabu. Kurani, kwa Kiarabu, maana yake ni kisomo, jambo la kusomwa kwa sauti. Sisi twakiri ya kuwa vitabu vyetu viliandikwa na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake, Mungu akiwaongoza. Kwa hiyo hatuoni haya kusema, "Paulo asema," au "Luka asema." Lakini Mwislamu akitaja aya ya Kurani hawezi kusema, "Muhamadi asema." Kwake yeye anenaye ni Mungu mwenyewe. Jibrili ndiye aliyeyaleta maneno, naye Muhamadi aliyapokea na kuyatangaza, Makka na Madina, kwa muda wa miaka kama 23, hata alipokufa mwaka 632. Maneno ya Muhamadi mwenyewe huitwa hadithi, nayo yamo katika vitabu vingine, kama kile cha Imamu Bukhari aliyekufa mwaka 870. Basi Mkristo asemaye, "Muhamadi aliandika katika Kurani," ameshindwa kabla ya kuanza, maana msikilizaji wake ajua mara moja kwamba hajui analolisema.

Tena yako makubwa zaidi. Katika mwaka 325 mababa wa Kanisa walikutana Nikea kwa sababu ya swali hili: Je, Mwana wa Mungu aliumbwa? Wakajibu, hakuumbwa. Miaka mia tano baadaye Waislamu wa Baghdad walibishana kwa swali lilo hilo, lakini juu ya Kurani: Je, maneno ya Mungu yaliumbwa? Katika mwaka 833 Khalifa al-Mamun aliwashurutisha wanavyuoni wakiri kwamba yaliumbwa. Ahmad bin Hanbal akakataa. Akafungwa, na khalifa aliyefuata akamwamuru apigwe mijeledi, asigeuke. Wasuni walio wengi hata leo hushika alilolishika yeye. Waona, msomaji? Kurani kwao haikukaa mahali pa Biblia yetu. Imekaa karibu na mahali tunapomweka Kristo. Hawaiabudu, la, lakini kwao ndiyo Neno la Mungu lililoshuka duniani. Sisi twasema Neno alikuwa mtu. Wao wasema neno lilikuwa kisomo. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana, wala si kwingine.

Mtu akilifahamu hilo, mengine mengi humwelea. Watu wetu hucheka wakiona watoto wa chuoni wakikariri Kiarabu wasichokijua maana, wakawaita kasuku. Lakini kwa Mwislamu kuyatamka maneno yenyewe ni ibada, kwa kuwa ni maneno ya Mungu, na maana hutafutwa kwa wanavyuoni katika vitabu vya tafsiri, kama kile cha Jalalaini. Tena na tujiulize sisi: watoto wetu wangapi wakariri katekisimo vema, na ukiwauliza maana hunyamaza?

Kadhalika habari ya kufasiri. Kanoni Godfrey Dale wa Misheni ya Unguja alitoa Kurani yote kwa Kiswahili mwaka 1923, na wako Wakristo wadhanio kwamba kwa kuwa na kitabu hicho wana Kurani mkononi. Sisi Biblia yetu ya Kiswahili ni Biblia kamili, na mahubiri husimama juu yake. Kwao sivyo. Hata Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa tafsiri yake mwaka 1969, aliweka Kiarabu pamoja na Kiswahili. Kiswahili ni maelezo, na Kiarabu ndicho Kurani.

Na kosa hili wao nao hulifanya juu yetu. Mwislamu aamini kwamba Isa alipewa kitabu kimoja, Injili, kama Muhamadi alivyopewa Kurani. Kwa hiyo akituona tuna Injili nne, za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, auliza, "Ya Isa iko wapi?" Ndugu zetu hukasirika, wakadhani ni dharau. Si dharau. Atupima kwa kipimo chake, kama sisi tunavyompima kwa chetu. Basi tumjibu kwa upole: Isa kwetu hakuleta kitabu; yeye mwenyewe ndiye Neno, na hao wanne ni mashahidi wake.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu huyu awatetea Waislamu, atawapoteza vijana." Mimi siwatetei, nimemkiri Kristo na nitamkiri hata mwisho. Lakini kijana aliyefundishwa uwongo juu ya jirani yake, siku atakapoujua ukweli atauliza, "Walimu wangu wamenidanganya katika mangapi mengine?" Hapo ndipo imani inapoanguka. Imani yetu haihitaji kusaidiwa na uwongo.

Basi, walimu wenzangu, tuwafundishe watoto sawasawa. Nanyi wazazi, mkisikia mtu barazani akiidhihaki Kurani asiyoijua, mnyamazisheni. Katika vijiji vyetu twazikana, twakopeshana majembe, na wengine tu ndugu wa tumbo moja. Tukiwa hatuna budi kutofautiana, na tutofautiane katika lile lililo kweli.