Nani Kasema Imekufa?

Kuna neno ambalo baadhi ya mafundi wetu hawachoki kulitamka: "Imekufa." Unampelekea kifaa chako, anabonyeza swichi mara mbili, anakitikisa, kisha anakutazama kwa huruma kama anakupa taarifa ya msiba. "Bosi, hii imekufa. Tafuta nyingine." Hajafungua hata skrubu moja! Na sisi wasomi wa mjini, tuliokaa chuo miaka mitatu tukijifunza kuhoji kila kitu, tunaitikia "haya" na kuelekea Kariakoo.

Ndugu zangu, mimi nasema tunadanganywa. Na wakati mwingine ni vibaya zaidi: mashine inafika kwa fundi ikiwa mgonjwa, inatoka ikiwa maiti.

Ushahidi wangu unatoka Mgololo, wilayani Mufindi. Wengi mnaijua Mgololo kwa sababu ya kiwanda cha karatasi, Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985, kikasimama katika miaka ya 1990, kikauzwa kwa mwekezaji mwaka 2004 na leo kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kilipokuwa kinajengwa walikuja wataalamu wengi wa kigeni, na mmoja wao alipoondoka alimwachia kijana mmoja wa kiwandani kompyuta ya nyumbani, Commodore 64. Kijana yule sasa ni mzee mstaafu. Nilikutana naye nikiwa kwenye kazi zangu za gazeti.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi: Commodore 64 ilitoka mwaka 1982. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi, unaichomeka kwenye televisheni yako. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu, picha moja ya WhatsApp inaishinda. Lakini dunia nzima ziliuzwa kwa mamilioni, na watoto wengi wa Ulaya na Marekani walijifunzia programu humo.

Kwa nini hapa kwetu ni adimu kama meno ya kuku? Historia inajibu. Serikali yetu iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, mambo yakaenda kombo, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikakumbwa. Zanzibar walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ila Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza. Mwaka huohuo kampuni ya Commodore ikafilisika! Yaani tulipopata televisheni ya kuichomekea, mtengenezaji hakuwepo tena.

Kwa hiyo kompyuta ya mzee ni kitu cha kutunzwa. Miaka michache iliyopita iliwashwa, skrini ikabaki nyeusi. Akaipeleka kwa fundi wa mjini, simtaji. Fundi akaiwasha. Nyeusi. Akaizima, akaiwasha tena. Akaiacha ikiwaka mchana kutwa "ipate moto izinduke". Jioni akatoa hukumu mnayoijua.

Sasa sikilizeni kosa liko wapi. Wanaozifahamu kompyuta hizi watakuambia mtuhumiwa wa kwanza si kompyuta, ni adapta yake. Adapta ile ni tofali zito, ndani limejazwa gundi ngumu, haifunguliki kirahisi na joto halitoki. Inatoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Kadiri inavyozeeka, kidhibiti cha zile volti 5 huharibika, na kikiharibika mara nyingi umeme haupungui, unapanda! Chipu za ndani zimetengenezwa kuvumilia volti 5 na robo hivi. Ukizipa 6 au 7, unazikaanga, na za kumbukumbu ndizo hutangulia. Kila dakika fundi yule aliyokuwa "akiizindua" alikuwa akiimalizia.

Nilimshauri mzee ampelekee fundi mwingine, fundi redio wa Makambako, mtu mzima asiye na bango wala cheti ukutani. Hakuiwasha. "Mzee, shikamoo. Naomba kwanza adapta peke yake," alisema. Akachukua mita, akapima kabla ya kuunganisha chochote. Ikasoma zaidi ya 6. Akaiweka pembeni.

Akatengeneza njia nyingine: transfoma ya volti 9 na chanzo kipya cha volti 5 chenye nguvu ya kutosha. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akakagua fyuzi, akapima kama kuna shoti. Ndipo akaiwasha, kwa muda mfupi tu, akagusa chipu moja moja kwa ncha ya kidole. Bodi ile ina chipu nane za kumbukumbu, kila moja inabeba biti moja ya kila baiti, kwa hiyo ikifa moja tu mashine nzima hupigwa na bumbuwazi. Saba zilikuwa vuguvugu. Moja ilichoma kidole.

Chipu ya kubadilisha tuliagiza nje kwa mtandao, ikachukua wiki kadhaa. Akatoa ya zamani kwa utaratibu, akaweka soketi ili siku nyingine asichome tena bodi, akachomeka mpya. Skrini ikaja na rangi zake za buluu na maandishi yanayosema baiti 38911 ziko huru. Mzee alisimama akiitazama, hakusema neno kwa muda.

Najua wapo watakaosema: kijana, ya nini kuhangaika na dude la 1982? Tuna matatizo ya maana. Sawa. Basi tuliache dude, tuingie stoo za shule na ofisi zetu. Mle kuna kompyuta za miaka ya 2000, nyingine za msaada, zimepangwa kama kuni, zimeandikwa "MBOVU". Nani alizipima? Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ile zilitengenezwa kwa kapasita mbovu, ni kashfa iliyozikumba kampuni kubwa duniani. Dalili yake haihitaji hata mita: kichwa cha kapasita kimevimba au kimetoa uchafu wa kahawia. Kuzibadilisha kunahitaji risasi, mkono uliotulia na pesa kidogo. Wakati huohuo mwanafunzi wa Mufindi anasoma kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye daftari!

Na zisipopimwa zinakwenda wapi? Jalalani. Nyaya zinachomwa ili kupata shaba, watoto wanavuta moshi. Vioo vya skrini zile nene vina madini ya risasi. Tunajifanya tumetupa takataka kumbe tumewapelekea wengine sumu.

Siwalaumu mafundi peke yao. Mteja anayetaka jibu ndani ya dakika tano, halafu akakataa kulipia kazi ya kupima, ndiye anayemfundisha fundi kubahatisha. Tunalipia kipuri, hatulipii akili. Fundi wa Makambako alitumia siku nzima kutafuta ugonjwa na nusu saa kutibu, na mtu wa mjini angemwambia "mbona umebadilisha kidude kimoja tu, unataka hela yote hiyo?"

Kwa hiyo wasomaji wangu, safari nyingine ukiambiwa imekufa, uliza maswali matatu. Umepima nini? Imesoma ngapi? Ilitakiwa isome ngapi? Akikosa jibu, chukua kifaa chako, mwage kwa heshima, utafute mwingine. Akiwa na majibu, mlipe vizuri, hata kama jibu lenyewe ni kwamba kweli haitengenezeki.

Na wewe mwalimu mwenye ufunguo wa ile stoo, fungua mlango. Mwite fundi mwenye mita, na wanafunzi wawepo wakati anapima.