Kompyuta Iandikapo, Kijana Asome Nini?

Wapo wazazi, Morogoro na kwingineko, wanaojinyima ili kijana wao asomee utunzi wa programu za kompyuta. Sasa wasikia kwamba kompyuta yaziandika yenyewe. Tangu ilipotolewa ChatGPT, Novemba 2022, mtu aweza kueleza atakalo kwa maneno ya kawaida, na akili mnemba ikamwandikia programu kwa dakika chache. Je, karo ile yapotea bure?

Wataalamu wamekwisha anza kulichunguza jambo hili, na majibu yao hayapatani. Jaribio lililotangazwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba watunzi wa programu waliosaidiwa na chombo kiitwacho GitHub Copilot waliimaliza kazi waliyopewa kwa muda uliopungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2025 jaribio jingine, la mafundi 16 wazoefu, lilionyesha kinyume: walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na hali wao wenyewe walidhani wameharakisha.

Lakini tukitazama vyema, majaribio yote mawili yalipima mwendo. Hayakuuliza mwanafunzi atajifunzaje ikiwa kazi ndogo ndogo za kumfundisha mkono zafanywa na chombo; wala hayakuuliza programu ikikosea nani atadhurika, na nani atajibu.

Hasara ya kutouliza, wakulima wa milima ya Uluguru waliionja zamani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuzuia mmomonyoko, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Wenye mashamba hawakusikilizwa. Udongo wa juu wenye rutuba ukafukiwa, kazi ikawa nzito na mavuno haba. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Ufundi ulikuwapo, kilichokosekana ni kuwauliza watu.

Chini ya milima hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kituo cha SACIDS kimetoa AfyaData, programu ya simu ya kupelekea habari za maradhi ya watu na ya wanyama kutoka vijijini. Chanzo chake ni mkutano wa Arusha wa Desemba 2014, ambako watunzi wa programu waliketi pamoja na wataalamu wa afya ya watu na ya mifugo. Kuandika peke yake hakutoshi hapo: yapasa kujua mfugaji huziitaje dalili, na habari yake itamfikia nani. Hayo hujulikana kwa kuketi na watu.

Basi twasema: mzazi asimwondoe mtoto wake chuoni. Lakini kijana naye asiridhike na kunakili. Asiikabidhi programu ambayo hawezi kuieleza mstari kwa mstari, kwani kazi ni amana. Na vyuo vyetu visingoje majibu ya ng'ambo. Vichunguze hapa hapa, kwa vijana wetu wenyewe, nani amenufaika na nani ameachwa nyuma. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kubomoa matuta.