Tumewatanguliza Wavunjaji

Anayetaka kukuuzia mfumo wa kulinda siri hukimbilia kukutajia wingi wa funguo: mabilioni kwa mabilioni, hakuna kompyuta itakayozimaliza. Toleo hili linaanza kwa kuutilia shaka wingi huo. Ndiyo maana tumewatanguliza wavunjaji wa mafumbo na kuwaweka watungaji nyuma yao, kinyume cha desturi ya vitabu vya kiada.

Chukua sentensi hii: mzigo wa karafuu utaondoka Pemba Jumamosi alfajiri. Badilisha kila herufi kwa nyingine uipendayo, mradi zisigongane. Tukiacha q na x tunabaki na herufi 24, na idadi ya njia za kuzipanga upya ni namba yenye tarakimu 24. Kompyuta inayojaribu njia bilioni moja kila sekunde ingehitaji karibu miaka milioni 20 kuzipitia zote.

Nani atasubiri, na kwa nini asubiri? Sentensi yetu ina herufi 44. Kati ya hizo a imejitokeza mara 9, na hakuna herufi nyingine iliyofika hata mara 5. Ipe a sura ya k, au ya t, bado itajitokeza mara 9. Maneno yote saba yanaishia kwa irabu, kwa hiyo irabu zinajianika zenyewe mwishoni mwa maneno. Na lile neno la herufi mbili linaweza kuwa nini zaidi ya wa, ya, la, za, na wenzao wachache? Kwa sentensi moja bado utabahatisha; kwa ukurasa mzima, penseli na jioni moja vinatosha. Hata nafasi kati ya maneno zikifutwa, mfuatano wa konsonanti na irabu utatoboa. Kiswahili, nasema kwa mapenzi yote, hakijui kutunza siri za namna hii.

Njia hiyo ya kuhesabu herufi iliandikwa Baghdad katika karne ya 9 na mwanafalsafa Al-Kindi. Alielekeza hivi: tafuta maandishi ya kawaida ya lugha ileile, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha hesabu alama za fumbo na kuzilinganisha. Wingi wa funguo haukumshughulisha. Alihesabu nyayo ambazo lugha huziacha hata ikivishwa nguo nyingine, na hapo ndipo hisabati ya uvunjaji ilipozaliwa.

Kisa kingine ni cha pwani yetu, na kinasimuliwa mara chache mno. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Waingereza walihamishia wavunjaji wao wa mafumbo Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini. Mawimbi ya redio yalifika huko yakiwa dhaifu. Hata hivyo, ndipo ulipovunjwa msimbo JN-40 wa meli za biashara za Japani. Ujumbe mmoja uliotaja mahali meli ilipo ulitumwa ukiwa na upungufu. Ukarudiwa na nyongeza, kwa ufunguo uleule. John MacInnes na Brian Townend waliziweka nakala mbili sambamba, wakagundua kwamba mfumo uliodhaniwa kuwa kitabu cha misimbo kumbe kiini chake ni kuhamisha nafasi za alama. Kwa hesabu hiyo ni wa ukoo mmoja na kinyume, kile cha watoto wa pwani wanaosema mbanyu wakimaanisha nyumba, ingawa wa Wajapani ulikuwa tata zaidi. Funguo za JN-40 hazikuwa zimepungua hata moja siku ile. Kilichopungua ni nidhamu ya mtumaji.

Kwa upande wa watungaji, Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, siri yote ikae kwenye ufunguo. Fundi anayejigamba kuwa programu yake haivunjiki kwa sababu hakuna ajuaye inavyofanya kazi, hajampa mtu nafasi ya kuivunja. Hajui anachouza.

Rivest, Shamir na Adleman walifuata njia nyingine. Mfumo wao wa 1977 unategemea jambo jepesi: kuzidisha 89 kwa 97 ni kazi ya dakika, lakini kupewa 8,633 na kuambiwa utafute namba tasa mbili zilizoizaa ni usumbufu. Walichapisha namba ya tarakimu 129 katika jarida la Scientific American, zawadi dola 100 kwa atakayezipata namba tasa zilizoizaa na kuusoma ujumbe uliofichwa kwayo. Makadirio ya wakati ule yalizungumzia mamilioni ya miaka. Mwaka 1994 namba ilisalimu amri mbele ya watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti, wakiwa na mbinu ambazo 1977 hazikuwepo. Leo funguo za namna hiyo huwa na tarakimu zaidi ya 600. Lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba kuzitafuta namba tasa zilizoizaa namba kubwa ni kugumu kwa asili yake. Tulichonacho ni kumbukumbu ya walioshindwa.

Aliyeikimbia hisabati shuleni aanze na makala kuhusu Al-Kindi, inayodai kuhesabu tu. Ile ya namba tasa inataka subira. Katika kurasa za katikati kuna fumbo la Kiswahili lisilo na nafasi kati ya maneno, na ufunguo wake hatukuuchapisha.