Nani huitwa gaidi?

Ijumaa ya tarehe 22 Julai, 2011, bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka katika eneo la ofisi za serikali mjini Oslo, Norway, likaua watu 8. Muda usiozidi saa mbili baadaye mtu aliyevaa sare za polisi alivuka kwenda kisiwa cha Utøya, palipokuwa na kambi ya vijana wa chama cha Labour, akaua wengine 69, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka ishirini. Maiti zilikuwa hazijahesabiwa, na jina la muuaji halijatangazwa, lakini baadhi ya wachambuzi wa nchi za Magharibi walikwishatoa hukumu kwamba hiyo ni kazi ya Waislamu. Gazeti moja kubwa la Uingereza liliwahi hata kuchapa ukurasa wa mbele ulioitaja Al-Qaeda.

Alipokamatwa, akabainika kuwa ni Mnorwe, Anders Behring Breivik, ambaye alikuwa amesambaza waraka wa kurasa zaidi ya 1,500 uliojaa chuki dhidi ya Uislamu. Mara msamiati ukabadilika. Tulianza kusoma habari za mtu mpweke, mwenye msimamo mkali, pengine mgonjwa wa akili. Mahakama ya Oslo, kwa kusema haki, haikubabaika. Tarehe 24 Agosti, 2012 ilimwona kuwa ana akili timamu na ikamtia hatiani kwa ugaidi.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Tarehe 17 Juni, 2015, kijana mweupe aliketi na waumini weusi waliokuwa wakisoma Biblia katika kanisa lao mjini Charleston, kisha akawafyatulia risasi, akaua 9. Alitaka kuchochea vita vya rangi. Hata hivyo mkuu wa FBI wa wakati huo, James Comey, alisema haoni kuwa ule ulikuwa ugaidi, na mashtaka yaliyofunguliwa katika mahakama ya shirikisho yalikuwa ya uhalifu wa chuki. Wanasheria watatuambia kwamba sheria ya Marekani imeufasiri ugaidi wa ndani ya nchi bila kuufanya kosa la kujitegemea. Ni kweli. Lakini sheria hutungwa na watu, na watu hao hao wametunga orodha ndefu ya vikundi vya kigeni ambavyo kuvisaidia tu ni jinai kubwa.

Hatudai kila mauaji makubwa yaitwe ugaidi. Yule aliyeua watu Las Vegas mwaka 2017 hakuacha sababu iliyojulikana, na ni haki kusita. Tunachouliza ni kwa nini kusita huko hakupatikani pale jina la mtuhumiwa linapokuwa Ahmed. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walichunguza mashambulizi ya kigaidi nchini mwao ya kati ya mwaka 2006 na 2015. Walikuta kwamba yale yaliyofanywa na Waislamu yaliandikwa kwa wastani wa asilimia 357 zaidi ya mengine, hata baada ya kuzingatia idadi ya waliokufa.

Wapo watakaosema haya ni magomvi ya maneno. La hasha! Neno hili ndilo huelekeza macho ya askari. Ijumaa ya tarehe 15 Machi, 2019, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliuita ugaidi siku ile ile, na tunamshukuru kwa hilo. Lakini tume ya uchunguzi, katika ripoti iliyotolewa Desemba 2020, ilieleza kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimeelekeza nguvu zao kupita kiasi kwa Waislamu wenye siasa kali. Tume haikusema kwamba vinginevyo muuaji angegunduliwa. Hata hivyo, ndugu msomaji, fikiri: jamii iliyokuwa ikichunguzwa ndiyo iliyozikwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua neno hili tangu ukoloni. Wapiganaji wa Mau Mau waliitwa magaidi na Waingereza, na ilipofika mwaka 2013 serikali hiyo hiyo ilionyesha majuto na kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000 waliodai kuteswa.

Lakini na sisi tujitazame. Tarehe 2 Aprili, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, Al-Shabaab waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Wapo miongoni mwetu waliotafuta jina laini, mara njama, mara kisasi. Aya ya nane ya Suratul Maidah inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na haikutuondoa sisi katika katazo hilo. Garissa ulikuwa ugaidi, kama Utøya, kama Charleston.

Tunawaomba wahariri wa magazeti yetu, hili likiwemo. Habari za mashirika ya nje hufika mezani usiku, majina yakiwa yameshabandikwa, na mfasiri mwenye haraka huyabeba yalivyo: huyu gaidi, yule mtu mwenye silaha. Kabla ya kuandika, aulize aliyeuawa alikuwa nani, na muuaji alitaka kumlazimisha nani afanye nini. Kama majibu hayajapatikana, aandike kwamba hayajapatikana.