Tusimsingizie Mungu Vifo vya Barabarani

Tumezoea mno. Mtoto wa darasa la pili anapogongwa akivuka barabara kwenda shule, jumuiya hukusanyika msibani, rambirambi huchangwa, na kabla jeneza halijatoka nyumbani mzee mmoja huwa amekwisha kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nasi sote huitikia. Maneno hayo husemwa kwa nia njema ya kuwafariji wafiwa, lakini yanamtwika Mungu mzigo wa watu wenye majina, vyeo na mishahara. Si Mungu aliyepitisha barabara pana kati ya nyumba za watu na shule ya watoto wao bila kuacha mahali salama pa kuvukia. Barabara ile ilichorwa mezani, ikapigiwa hesabu, ikapitishwa kwenye kikao na kutiwa sahihi.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko hicho. Ugonjwa wa kiwango hicho ungetangazwa kuwa janga la taifa. Huu tunauita ajali, neno ambalo kwa Kiswahili chetu limekaa karibu sana na majaliwa, na kwa hiyo halimtafuti mtu wa kujibu.

Hebu tuangalie mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 14 kila sekunde, na dereva huhitaji sekunde nzima hivi tangu jicho lione hatari hadi mguu ukanyage breki. Mtoto akitokeza mita 15 mbele, breki ndiyo kwanza zinaanza kukamata gari linapomfikia. Gari la kilomita 30 kwa saa, likiwa na dereva yuleyule na breki zilezile, huwa limekwisha kusimama. Tofauti kati ya maziko na fundisho la mzazi kwa mwanawe ni kilomita 20 kwa saa, na hizo hupunguzwa kwa tuta la lami.

Wala hili si nadharia ya wasomi. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likitengeneza mambo madogo: matuta, alama za pundamilia, njia ya miguu iliyotengwa na magari kwa nguzo fupi, na mahali pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu kwenda mtaa wa nyuma. Uchunguzi ulionyesha kwamba idadi ya watoto walioumizwa ilipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ross ya miji, ukiishinda miradi kutoka pande zote za dunia. Basi dawa tunayo, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya daraja moja la juu.

Wengi watasema mkosaji ni dereva wa daladala. Ni kweli kwamba yumo dereva mlevi na yumo mwenye kiburi. Lakini tuulize huyu kijana analipwaje. Wengi wao hawana mkataba wala mshahara wa mwezi. Asubuhi hukabidhiwa gari, na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho ugali wake, wa konda, na wa yule deiwaka aliyemshikia usukani mchana. Kila dakika anayosubiri kituoni ni hasara, na kila abiria aliyechukuliwa na mwenzake ni njaa. Ndiyo maana anakata kona, anakimbilia kituo, na konda wake anamsukuma mwanafunzi kando kwa sababu nauli ya mwanafunzi haijazi hesabu. Binti aliyeachwa kituoni magharibi huishia kwenye pikipiki ya mtu asiyemjua, na wazazi wanajua yanayoweza kufuata. Trafiki akimtoza faini dereva huyu, hesabu ya tajiri haipungui hata senti, hivyo kesho atakimbia zaidi. Mwenye gari halali rumande, na ndiye aliyeweka mwendo.

Tusikatae yaliyofanyika. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na mjini, katika mtandao wa kilomita 21 hivi, na kando yake zilijengwa njia za miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kupewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Lakini mabasi 140 ya kuanzia hayakutosha, watu wakabanana vituoni kama magunia ya mkaa, na njia za baiskeli zikageuka maegesho na uchochoro wa bodaboda. Wakati huohuo tulizindua Daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018 na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, tukahesabu dakika ambazo magari yameokoa. Dakika za mama anayetafuta upenyo wa kuvuka na ndoo ya samaki kichwani hazikuingia katika hesabu hiyo.

Na mwendesha baiskeli je? Yule apelekaye mikate alfajiri, au mkaa kutoka Pugu, halipishi taifa fedha za kigeni kwa petroli wala hamgongi mtu akafa. Hata hivyo tunampigia honi atupishe. Umoja wao, UWABA, umedai njia za baiskeli kwa miaka mingi, na sauti ya parokia zetu haijasikika upande wao.

Husemwa pia kwamba walalahoi hawana nidhamu, hawatumii madaraja ya kuvukia. Anayesema hivyo aje pale Manzese na bibi wa miaka 70 mwenye goti bovu, apande naye ngazi.

Viongozi wa walei, kwanza jueni barabara ni ya nani: barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, nauli na leseni za daladala ziko LATRA. Kila jumuiya na ihesabu, kwa wiki moja, watoto wanaovuka mbele ya shule yake na saa wanazovuka. Karatasi hiyo ipelekwe kwa diwani na nakala yake kwa mhandisi, nanyi mdai jibu la maandishi kuhusu tuta na kivuko. Na Jumapili hii, baada ya misa ya kwanza, waumini wenye magari waombwe kuyaondoa kwenye njia ya miguu nje ya uzio wa kanisa, maana wanaokuja kwa miguu wanapita barabarani.