Vibali vya Michezo na Fundi wa Peke Yake

Novemba 2021 ulitolewa mchezo wa video wa Kichina uitwao Bright Memory: Infinite. Ndani yake mwanamke Shelia, katika mwaka 2036, hupambana kwa upanga na bunduki, chini ya mbingu iliyotobolewa na shimo jeusi, na askari wa kisasa na wapiganaji wa kale waliofufuka. Hadithi yake ni nyepesi, na kwa saa mbili hivi imekwisha. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mtu mmoja, Zeng Xiancheng, aliyeanza kuijenga katika saa zake za mapumziko.

Wakati huo China ilikuwa imesimamisha vibali vya michezo mipya, tangu Julai 2021 hadi Aprili 2022. Agosti 2021 iliamuru pia kwamba wenye umri chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwa hilo la watoto hatuna ugomvi. Mzazi aliyemwona mwanawe akikesha mbele ya kioo ataelewa. Kuzuia vibali ni jambo jingine kabisa. Kampuni kubwa kama Tencent yaweza kungoja karibu miezi tisa. Fundi wa peke yake hana akiba hiyo. Zeng alikwisha kuuza kazi zake tangu 2019 kupitia Steam, duka la Wamarekani. Je, asiye na mlango wa nje angefanyaje? Ombi lililokuwa mezani lilistahili jibu, la ndiyo au la hapana, kwa tarehe inayojulikana.