Ukishashiba, Usimsahau Aliyekupakulia

Mpendwa msomaji, kabla hujaketi kwa chakula cha mchana Jumapili ya leo, nina swali moja kwako. Ni nani aliyekulipia karo ya kwanza? Sisemi yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye risiti. Nasema wale waliochanga shilingi tano tano ili risiti hiyo ipatikane. Unayakumbuka majina yao? Na je, umewahi kurudi kuwaambia ahsante?

Usidhani nakusuta. Swali hili linanisuta mimi kwanza, ndiyo maana nitaanza na habari zangu.

Mwaka wa 1986 niliitwa kujiunga na kidato cha kwanza. Kwetu ni Malakisi, wilaya ya Bungoma kama tulivyoiita siku hizo, nchi ya pamba na tumbaku, ambako mto unateremka kutoka Mlima Elgon na kuelekea Uganda. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa na kishamba cha pamba ambacho hakingeweza kununua hata sanduku la bati na godoro, sembuse karo. Wazee wakaitisha harambee uani petu, chini ya mwembe. Mwalimu mmoja akaombwa ayaandike majina katika daftari.

Daftari hilo lina majina 43. Huyu alitoa shilingi 20, yule shilingi 5, mwingine jogoo, mwingine gorogoro mbili za maharagwe. Jirani yetu mmoja, bibi kizee tuliyemwita Kukhu, kama sisi Wabukusu tumwitavyo nyanya, alifungua fundo la leso yake akatoa shilingi 3. Nilimwona akiifunga leso ile tena ikiwa tupu.

Nilipopata kazi Nairobi, mama alinikabidhi daftari. "Mwanangu," akaniambia, "zunguka boma kwa boma, useme orio." Orio ndiyo ahsante ya kwetu. Nikakubali, nikalitia daftari sandukuni. Likizo ya kwanza nilikuwa na haraka. Likizo ya pili niliona aibu, kwa kuwa sikuwa na zawadi ya kuwapelekea watu 43. Likizo ya tatu nilikuwa nimekwisha kuzoea. Msomaji, hivyo ndivyo utovu wa shukrani unavyoingia kwa mtu. Aghalabu hauji na kiburi. Huja na kesho, kisha kesho kutwa.

Mama alifariki zaidi ya miaka ishirini baadaye. Tulipofika nyumbani na mwili usiku, tulikuta kuni zimepasuliwa, viti vimeazimwa, na vijana wanaendelea kuchimba kaburi. Nilipotazama nyuso zile kwa mwanga wa taa, niliona daftari langu limesimama mbele yangu. Hata Kukhu alikuwapo, amekongoka, mkongojo mkononi.

Baada ya mazishi nilimwendea. Nikaanza kuomba radhi na kutia mkono mfukoni. Aliipokea noti niliyompa, akaikunja, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikukukopesha. Mama yako aliniambia kwamba ulimaliza shule. Nilikuwa nikingoja uje uniambie wewe mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye Injili ya Luka, sura ya 17, kisa cha wakoma kumi. Nilikuwa nimekisikia tangu Shule ya Jumapili, lakini sikuwa nimewahi kujiona ndani yake. Wakoma kumi walimlilia Yesu kwa mbali awahurumie. Akawaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani. Wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja, naye alikuwa Msamaria, aligeuka, akarudi akimsifu Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu kumshukuru. Yesu akauliza waliko wale tisa.

Mara nyingi tunawahukumu wale tisa kana kwamba walikuwa wahuni. Hebu tuwe waadilifu. Hawakuiba, wala hawakutukana. Walifanya walivyoagizwa, kwa maana sheria katika Mambo ya Walawi sura ya 14 ilitaka mkoma aliyepona akaguliwe na kuhani kabla ya kurudi kwa watu wake. Na fikiria hali yao. Wazee wa Magharibi wanaoikumbuka hospitali ya wakoma ya Alupe, karibu na Busia, wanajua maana ya mtu kutengwa na mkewe na watoto. Siku hizi ukoma unatibika. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na matibabu huchukua miezi, si maisha yote. Lakini wakati ule aliyepona ni kama aliyefufuka. Bila shaka wale tisa walikimbia nyumbani kukumbatia watoto wao. Nani asingekimbia?

Kosa lao ni kwamba zawadi iliwapendeza hata wakamsahau aliyeitoa. Yesu hakuhitaji kupashwa habari kwamba wamepona, kama vile Kukhu hakuhitaji kuambiwa kwamba nilimaliza shule. Habari alikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu kurudi. Shukrani katika mafundisho ya Kikristo ni kugeuka njiani na kurudi kwa aliyekutendea mema, hata kama huna kitu mkononi. Yule Msamaria hakuleta kuku wala mbuzi.

Biblia inalirudia jambo hili mara nyingi, maana inatujua. Katika kitabu cha Mwanzo, mnyweshaji wa Farao aliyetabiriwa mema na Yusufu gerezani alirudishiwa kazi yake, akamsahau Yusufu kwa miaka miwili mizima. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, Musa anawaonya Waisraeli kwamba hatari haiko jangwani kwenye njaa. Hatari iko mbele, watakapokwisha kula wakashiba na kujenga nyumba nzuri. Naye Paulo, akiwaandikia Warumi, anaanza habari za kupotoka kwa wanadamu na jambo ambalo sisi twaliona dogo: walimjua Mungu, wala hawakumshukuru. Tena neno Ekaristi, wanalolitumia Wakristo wengi kwa meza ya Bwana, asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kutoa shukrani. Basi ni ajabu mtu kutoka kwenye meza hiyo Jumapili akashindwa kusema ahsante Jumatatu.

Lakini ngoja kwanza, msomaji. Kuna upande wa pili, na Malakisi inaujua vizuri.

Tarehe 10 Februari 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, walikabiliana na polisi wa serikali ya kikoloni papo hapo Malakisi. Polisi walifyatua risasi, watu 11 wakauawa. Masinde mwenyewe, ambaye zamani alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, alikamatwa mwezi huohuo akahamishiwa Lamu. Kwa aliyekuwa upande wa watawala, ilikuwa rahisi kuwaona watu wale kuwa hawana shukrani: wameletewa shule, wameletewa zahanati, nao wanataka wageni waondoke. Lakini waulize waliokuwa upande wa pili. Ardhi ya Trans-Nzoia, kule Kitale, ilikuwa imegawiwa walowezi, na Mwafrika akarudi humo kuwa kibarua. Mtu hawezi kulichukua shamba lako, akakupa kikombe cha chai, kisha akakudai ahsante kwa bunduki.

Simwandiki Masinde hapa ili nimtetee kwa kila alilolifanya. Nataka tuone kwamba shukrani haidaiwi. Ikidaiwa hugeuka kodi. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu alifundisha kwamba utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ulitendalo mkono wa kuume. Wahenga nao wakasema, tenda wema nenda zako.

Sasa tazama nyumba zetu za mjini. Kuna baba ambaye kila jioni huwakumbusha watoto kwamba ni yeye anayewalisha. Kuna shangazi anayemlea mtoto wa ndugu yake, na kila sahani ya ugali huja na masimbulizi. Mtoto huyo atakua akijua kuhesabu, asijue kushukuru. Kuna bibi anayeamkia uji uliopikwa na mtumishi wa nyumbani saa kumi na moja alfajiri, lakini tangu mwezi uanze hajamwambia ahsante, kwa kuwa anamlipa mshahara. Mshahara ni haki yake, ahsante ni heshima yake. Kimoja hakifuti kingine.

Nanyi wanafunzi na vijana mnaoanza kazi, najua mzigo wenu. Simu hulia tarehe 30, na kila jamaa anakumbuka kwamba alikubeba mgongoni. Huwezi kuwalipa wote, na Mungu hakutaki uzame katika madeni ili uonekane mwungwana. Lakini ukosefu wa pesa usiwe kisingizio cha kutorudi, kama ulivyokuwa kwangu. Kutuma pesa kwa simu ni vyema, ila simu haiwezi kumwamkia mzee kwa mikono miwili. Na yale ambayo huwezi kuwarudishia waliokutendea, wapelekee wengine. Kumbuka yule mtumwa katika Mathayo sura ya 18, aliyesamehewa talanta 10,000, akatoka nje na kumkaba mwenzake kwa dinari 100. Huo ndio utovu wa shukrani uliokomaa.

Waama, nilianza kulizungukia daftari langu wiki ileile ya mazishi. Kati ya majina 43, nilikuta 17 wangali hai. Kwa waliokufa, nilisema orio kwa watoto wao. Wengi walicheka, wakanikaribisha chai. Mzee mmoja hakunikaribisha. Alisimama mlangoni akaniambia nimechelewa mno. Nilimjibu kwamba ni kweli, nikamwamkia, nikaondoka. Naye alikuwa na haki yake. Wala mama, aliyenituma, hakuwapo kunisikia nikimwambia kwamba nimekwenda.

Basi, msomaji, leo jioni chukua kalamu, na watoto wako wakiwa karibu, andika majina matano ya watu waliokushika mkono. Waeleze watoto kila mmoja alifanya nini. Kisha chagua mmoja aliye hai, upange siku ya kwenda kwake kabla mwezi huu haujaisha. Usingoje zawadi. Geuka njiani, urudi.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akubariki.